Kondoo kwa Gari la Mizigo, Mimi kwa Gari la Abiria

Mmeniuliza kisimani, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza hata kwenye foleni ya kupimiwa kahawa, na kila nikifika nusu ya habari mtu anacheka na kunikatiza. Basi nimekaa chini niandike mara moja, na asiyejua kusoma asomewe. Naandika kwa Kiswahili ili Mama Akinyi na jirani zangu Wakamba wasije wakasema nimewaficha.

Wengine mmeniambia, Mama Mwangi, kutoka Ruiru mpaka Thika nayo ni safari ya kuandikwa? Mtu mwenye miguu mizuri si anaenda na kurudi? Mimi nawaambia, aliyekwenda Mombasa siku ile hakuchoka kama mimi. Mambo ya vibali, na kumwomba bwana wa shamba ruhusa, na kununua tikiti, hayo nayaruka. Mnayajua, na yanachosha hata kuyakumbuka.

Kutoka nyumbani

Mnamjua mwanangu Mwangi, fundi wa Nairobi, mtoto aliyebaki nami tangu baba yake afariki. Mwaka huu wa hamsini na moja ndipo aliposema amempata msichana, Nyambura wa Mzee Gathecha, upande wa pili wa Thika. Mambo yote ya mahari tulikuwa tumeyamaliza ila moja, ngoima. Ngoima, kwa wale wasiojua, ni kondoo dume anayefugwa ndani ya nyumba ya mama, gizani, akilishwa majani ya viazi vitamu kwa mkono mpaka anenepe kiasi cha kushindwa kutembea. Huyo wangu nilimlea kama mtoto wa kunyonya. Alikuwa hali kutoka mkono wa mtu mwingine, na mkia wake ulikuwa mzito hata akisimama anaonekana anafikiria kwanza.

Mzee Gathecha alikuwa ametuma neno: ngoima afike Jumamosi kabla jua halijazama. Wazee wake walikuwa wanatoka mbali, na hatawaita mara ya pili. Tena tulijua kuna watu wengine wenye duka mjini waliokuwa wameanza kuulizia habari za Nyambura, na ngoima kwao si shida. Mwangi aliniandikia, "Mama, nimekuachia wewe." Mtoto akikuambia hivyo utalala?

Kumtembeza kondoo yule haiwezekani. Basi lilipopita, kondakta alitaka kumfunga juu pamoja na magunia, jua lile lote, na mafuta yale yote. Nilimwambia apande yeye mwenyewe juu nione kama atafika akiwa mzima. Basi likaondoka. Ikabaki reli.

Stesheni ya Ruiru

Majirani wawili walinisaidia kumfikisha stesheni kwa mkokoteni Jumamosi hiyo asubuhi na mapema. Nilikuwa na kiondo changu, ndani majani ya kondoo na viazi vyangu vya kuchemsha. Niliona nimejipanga vizuri sana.

Karani alimtazama kondoo, akanitazama mimi, akasema mnyama hapandi gari la abiria. Nikasema basi tupande wote la mizigo. Akasema mtu hapandi gari la mizigo. Nikamuuliza, sasa yule anayemlisha akae wapi? Akajibu kwamba lishe si kazi ya reli. Gari la mizigo lingepita kwanza na kumchukua kondoo, la abiria lingefuata karibu karibu na kunichukua mimi, na Thika tungekutana. Alivyolisema jambo hilo, ungedhani hayo magari mawili ni ndugu.

Lilipokuja la mizigo, lilikuwa na behewa la kondoo wa mchinjaji mmoja wa Thika. Wangu akaingizwa humo humo, akasukumwa na watu wanne. Karani akamfunga kipande cha karatasi ngumu shingoni, kisha akaniuliza, kwa kuwa mlinzi wa behewa alikuwa ameenda kunywa maji, mle ndani sasa wako kondoo wangapi.

Wenzangu Wakikuyu mnajua, na ninyi wengine niwaambie. Kwetu watu na mifugo hawahesabiwi kwa mdomo. Ni kuwaitia balaa. Hesabu za watoto wangu sikuwahi kuzisema hata kwa mchungaji. Basi nikamjibu karani kwa adabu, "Ni hao tu unaowaona." Akachoka kubishana, akaandika alichoandika. Gari likaondoka, na ndipo nikaona mkono wangu mtupu. Wale waliosukuma kondoo walikuwa wametupia na kiondo changu humo ndani, viazi na vyote.

Nikaenda kwenye kibanda cha chai cha stesheni. Kimefungwa. Nikauliza kinafunguliwa lini, nikaambiwa mwenyewe hufungua abiria wakishaondoka, maana wakiwepo wanamsumbua. Nikarudi kukaa. Nilikuwa nimebakiza nguvu kidogo nikaona nizitunze.

Gari la abiria lilifika, likasimama, na likaendelea kusimama. Tulikaa mpaka watoto wakalala na kuamka. Nilimwendea mkuu wa stesheni nikamwomba apige simu ya waya Thika, awaambie kuna kondoo anakuja ana mwenyewe, wamshike pembeni. Akasema ile simu ni ya magari, si ya kondoo. Nikamwambia kondoo yumo ndani ya gari. Akasema gari hilo lilishaondoka, kwa hivyo limeshatoka mikononi mwake. Nikamuuliza basi sisi tunangoja nini. Akasema kuna sanduku la bwana mmoja wa makao makuu, linakuja kwa gari jingine, lazima lipakiwe. Tukangoja sanduku.

Kati ya mkonge

Mwenye sanduku alikuwa Bwana Salimu, mtu wa pwani, kofia ya reli, viatu vinang'aa, Kiswahili kilichonyooka mpaka unaona haya kufungua mdomo. Sanduku lilikuwa limejaa karatasi za maswali. Alisimama katikati ya behewa letu la daraja la tatu akatueleza kwamba reli imeanza jambo jipya, inataka kusikia maoni ya abiria, tuwe huru kabisa.

Watu wakaanza kutazama nje. Mwanamume wa karatasi akikuambia uwe huru, unajua kodi imefika. Mzee aliyekaa karibu na dirisha, alipoulizwa anapanda gari la moshi mara ngapi, alisema hajawahi kulipanda maishani mwake. Amekaa ndani yake, gari linatembea, miti inapita nyuma ya kichwa chake. Bwana Salimu akaandika.

Kisha akanifikia mimi. Akauliza mto wa kiti changu ni mzuri, mzuri sana, au mzuri kabisa. Nilikuwa nimekalia ubao. Nikamwambia hakuna mto. Akatafuta kwenye karatasi mahali pa kuandika hakuna mto, hapakuwepo, akaweka alama kwenye mzuri, kwa sababu ndilo jibu la chini kabisa waliloweka. Akauliza chakula cha gari kimeniridhisha kiasi gani. Nikamwambia chakula changu kiko kwenye gari la mizigo na sijui kinaliwa na nani. Akaweka mzuri. Akauliza kama gari liliondoka kwa wakati. Hapo nilicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha.

"Bwana, tulikuwa tunangoja hilo sanduku lako," nikamwambia.

Alitazama sanduku, akatazama karatasi. Kwa haki niseme, aliona aibu. Lakini aliendelea. Akaniuliza nina watoto wangapi, nikamtazama tu mpaka akapita swali hilo. Akauliza sababu ya safari yangu. Basi hilo nikamjibu. Nilimweleza ngoima, Mzee Gathecha, jua, wenye duka, kondoo wa mchinjaji, kila kitu, na behewa zima likasikiliza, hata yule mzee ambaye hajawahi kupanda gari. Mwisho nikamwambia, wewe ndiwe mtu wa kwanza wa reli anayejua habari za magari yote mawili. Ukifika mahali penye simu, waambie Thika.

Akaniambia kwa upole kwamba yeye kazi yake ni kuuliza. Kuambia ni idara nyingine. Majibu yangu yatapelekwa Nairobi, yatakusanywa na mengine, yatasomwa, na reli itatengenezwa. Nikamuuliza lini. Akasema hiyo pia ni idara nyingine.

Nilitaka kumpiga na kiondo, lakini kiondo sikuwa nacho.

Na hapo gari likasimama. Mkonge kushoto, mkonge kulia. Gadi, msimamizi wa gari, alishuka akaenda kumuuliza dereva kwa nini amesimama. Dereva akasema alidhani gadi ndiye anajua. Kumbe mbele yetu lile gari la mizigo lilikuwa bado halijaondolewa kwenye njia ya Thika, na hakuna aliyetuambia, na hakuna aliyewaambia wao kwamba sisi tunakuja. Nilimwona mwanamke amebeba mkungu wa ndizi akija mbio kutoka kwa nyumba za wafanyakazi wa mkonge kutuuzia. Alipofika hatua chache tu kutoka dirishani kwangu, tukaondoka. Nilimpungia mkono, naye akanipungia.

Stesheni ya Thika

Jua lilikuwa limeshainama tulipofika. Shemeji yangu Ndung'u alikuwa hapo, amevaa koti la kanisani, fimbo mkononi. Yeye ndiye aliyepaswa kusimama mbele ya wazee na kusema kwa niaba yetu, kwa kuwa mimi mwanamke nisingeanzisha maneno hayo. Alikuwa ametufuata stesheni tangu asubuhi. Niliposhuka peke yangu akaangalia nyuma yangu, akaangalia ndani ya behewa.

"Kondoo yuko wapi?" akaniuliza.

Nikamwambia alikuja na gari la mizigo. Nikaona uso wake unabadilika pole pole.

"Asubuhi nilimwona mmoja anashushwa, mnene kupita kiasi," akasema. "Nikasema moyoni, hata huyu angetufaa."

Ngai! Mtu amekaa stesheni kutwa nzima kumpokea kondoo, kondoo anapita mbele ya macho yake, anamsifu, anamwacha aende! Nilimuuliza kwa nini hakuuliza. Akasema aliambiwa kondoo atakuja pamoja na mimi. Na ni kweli, ndivyo nilivyomtumia neno. Lakini hata hivyo nilimkasirikia na bado namkasirikia kidogo.

Mchukuzi wa mizigo, mzee wa kwetu, alituambia yote bila kuficha. Behewa lilipofunguliwa, kile kipande cha karatasi hakikuwepo shingoni. Kondoo wenzake walikuwa wamekitafuna. Karani wa Thika akamwambia mchukuzi awahesabu. Mzee akakataa kuwahesabu kwa mdomo mbele ya mwenye mali, nani angekubali? Akamwambia karani, "Wote ni wa mchinjaji," na mchinjaji akawachukua wote. Nilitaka kumgombeza, kisha nikakumbuka. Ruiru nami nilijibu vile vile.

Jumamosi jioni ndipo wanapochinja, nyama ya Jumapili. Tukaanza kukimbia. Nyuma yetu nikasikia viatu. Bwana Salimu huyo, na karatasi yake mkononi. Akasema limebaki swali moja, na mkubwa wake hapokei karatasi ambayo haijamalizwa. Nilimwambia akitaka jibu akimbie.

Kwa mchinjaji

Mlangoni kwa mchinjaji palikuwa na ngozi zimeanikwa, bado mbichi. Nilizitazama moja moja nikitafuta ile rangi, nyeupe yenye bega jeusi. Nilikuwa nawaza nitamwandikia Mwangi maneno gani, na nikaona hayapo.

Kisha nikasikia mlio. Ninaujua mlio ule, umeniamsha asubuhi nyingi. Alikuwa uani, amelala ubavu kwenye majani makavu, na kisu kimewekwa juu ya gogo karibu naye.

Mchinjaji alitoka akijifuta mikono. Mtu mkubwa, mpole. Alipomwona kondoo anajaribu kusimama kwa sababu yangu, hakuniuliza ushahidi wowote.

"Mama, nilijua ana mwenyewe," akasema. "Stesheni niliuliza huyu ni wa nani, kila mtu akaniambia wote ni wangu. Nikamwacha wa mwisho nione kama mtu atakuja. Sasa hivi ningemchinja."

Nilimshika mkono kwa mikono yangu yote miwili. Yeye akaona haya, akaniambia habari nyingine ambayo si nzuri: vile viazi kwenye kiondo vijana wake walivila, walidhani ni zawadi iliyokuja na kondoo. Majani ya kondoo walimpa, akakataa kula. Nikamlisha kidogo hapo hapo kwa mkono wangu, huku shemeji anaangalia jua na kukohoa kila mara.

Mchinjaji alitupatia mkokoteni, lakini vijana wake walikuwa wameshapeleka nyama sokoni. Shemeji mmoja na koti lake hatoshi. Bwana Salimu alikuwa amesimama mlangoni anapepea uso kwa karatasi. Sikumwomba. Alitazama kondoo, akatazama kilima tunachopaswa kupanda, akakunja ile karatasi akaiweka mfukoni. Akavua kofia, akaivaa tena, akashika mkokoteni upande wa nyuma.

Kilima cha Mzee Gathecha

Kilima kile, wenzangu, sitakisahau. Shemeji mbele anavuta, Bwana Salimu nyuma anasukuma, mimi pembeni nikiwa nimeshika kondoo asiteleze, nikimwambia maneno ya kumtuliza ambayo sikumwambia mtu yeyote siku hiyo. Vile viatu vya kung'aa viliingia kwenye matope ya mfereji, vikatoka vyekundu. Katikati ya kilima aliniuliza, akihema, kama kila kondoo hupelekwa hivi. Nikamwambia hapana, wengine huwa na reli nzuri. Akacheka mpaka tukasimama kidogo. Tangu hapo sikuweza tena kumkasirikia vizuri.

Tulipofika uani, wazee walikuwa wamesimama. Fimbo mkononi, mablanketi begani, wanaagana. Jua lilikuwa limebakiza ukingo tu nyuma ya miti. Mzee Gathecha hakutusalimu. Alisema wazi, wazee wote wakisikia, kwamba mtu anayechelewa kuleta ngoima atachelewa kuleta kila kitu, na kwamba kuna watu wengine ambao wasingemngojesha mpaka saa hizi. Shemeji alianza kusema maneno aliyojiandalia tangu asubuhi, yakamtoka vibaya, pumzi hana. Mmoja wa wazee akauliza huyu mwenye kofia ya reli ni wa ukoo gani.

Mimi sikuwa na ruhusa ya kusema, na hata ningekuwa nayo, ningesema nini? Kwamba gari lilingoja sanduku? Machozi yalikuwa karibu. Nilikuwa nimefika, na kondoo yuko hai, na bado nilikuwa nimechelewa.

Ila kwetu ngoima hachinjwi kabla msichana mwenyewe hajaulizwa. Hata baba akikasirika namna gani, hawezi kuliruka hilo, wala kukataa kwa niaba yake mbele ya wazee. Mzee mkubwa kuliko wote alimkumbusha Gathecha, taratibu tu. Basi Nyambura akaitwa.

Alitoka jikoni, mikono ina unga. Baba yake akamwambia kondoo huyu ametoka kwa kina Mwangi, amefika saa hii kama unavyoona, na wewe ndiwe wa kusema. "Tumchinje, au arudi alikotoka?"

Msichana alimtazama kondoo. Alimtazama shemeji na koti lake lililopasuka, na yule mtu wa pwani mwenye matope mpaka magotini. Kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu, kuanzia kichwani mpaka miguuni, nikaona anaona vumbi na kila kitu.

"Mama amekula?" akauliza.

Hakumuuliza mtu mwingine. Aliniuliza mimi, na alivyosema Mama, kama anayemwita mkwewe, hakuna aliyekosa kuelewa. Yule mzee mkubwa akacheka kimya kimya, akaweka fimbo yake chini, akakaa. Mwingine naye akakaa. Mzee Gathecha alibaki amesimama peke yake kidogo, kisha akasema kisu kiletwe, na mtu aweke sufuria motoni haraka kwa ajili ya huyu mama.

Mimi nililia. Mwanifahamu, silii ovyo. Lakini tangu asubuhi nilikuwa nimeulizwa mito, saa na watoto, na hakuna aliyeniuliza hilo.

Bwana Salimu alikuwa ametoa karatasi yake mfukoni, imekunjika na kulowa jasho, na penseli. Aliniambia lile swali la mwisho lilikuwa kama nina neno lolote la kuongeza kwa reli. Nikamwonyesha Nyambura, ambaye alikuwa ameshageuka kwenda jikoni.

"Swali lake," nikamwambia. "Liandike hilo, ulipeleke Nairobi."